Tulipopalilia Vigingi vya Xoqwa

Alhamisi, 2 Agosti 1962

Baridi. Maji ya ndoo yameganda, nimeyavunja kwa mpini wa jembe.

Mkutano kwa jumbe. Jumbe Jongilanga ni mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo nilikaa nyuma kabisa, kilemba nimekishusha hadi kwenye nyusi, mkaza mwana mwenye adabu zake. Masikio lakini sikuyafunika.

Alikuja kamishna, Mzungu mfupi, pamoja na bwana shamba Mdledle. Mdledle ni mtu wetu, amesoma chuo cha kilimo, anavaa soksi ndefu. Kamishna alisema, Mdledle akafasiri. Xoqwa itapangwa upya. Mgongo wote wa mlima, huku tunakoishi, utazungushiwa waya uwe malisho. Watu tutateremshwa kwenye Uwanda, tujenge kwa safu, kila nyumba na namba yake. Mashamba ya kando ya mto Sidwana yatakatwa upya – watakaopata watapata, wengine watapewa bustani. Ng'ombe wapunguzwe. Mvua za kwanza zitukute chini wote, na atakayelima shamba la zamani atashtakiwa.

Sababu ni makorongo. Mdledle alieleza vizuri, sikatai. Maji yanabeba udongo, makorongo yanaila nchi mwaka hadi mwaka. Yapo. Lile la nyuma ya shule limeshameza goli moja.

Hapo MaGatyeni akainuka. MaGatyeni ni jirani yetu, mjane, mdomo wake haujawahi kulala njaa. Akauliza: kama udongo ndio unaokimbia, mbona wasifungwe udongo, tukaachwa sisi tusiokimbia? Watu walicheka mpaka jumbe akagonga fimbo chini. Kamishna alitaka kujua mama yule amesema nini. Mdledle akamwambia mama anauliza habari za mbegu.

Mama mkwe hakucheka. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Tulipofika uani ndipo akasema, "Uwanda ni mahali pa kufia kondoo." Akaingia ndani.

Jumatatu, 6 Agosti

Wapimaji wamekuja na minyororo yao na punda aliyebeba vigingi, vimepakwa lami miguuni.

MaMpinga – hilo ndilo jina la mama mkwe, la ukoo wake, kila mtu humwita hivyo – aliwafuata kutwa nzima. Hakuwazuia. Aliwatajia mahali. Hapa mlipopiga ni kwa Ntshuntshe, homa kubwa iliwamaliza wote ndani ya nyumba, wazikaji nao walikuwa wagonjwa, basi kuta zikasukumwa zikawafunika, hilo tuta ndilo kaburi. Hapa ng'ombe walikufa mwaka wa ile tauni yao hadi tai wakashiba wakashindwa kuruka, watoto wakawa wanawakimbiza kwa miguu. Hapa palikuwa na kanisa la udongo kabla ya lile la mawe. Wapimaji walikuwa wanaitikia "ndiyo, mama, ndiyo, mama," huku wanapiga nyundo.

Kigingi kimoja kimepigwa uani kwetu, kati ya nyumba na zizi. Waya utapita hapo. Kingine kimepigwa nyuma, penye mishubiri, karibu na miguu ya Zoleka wangu.

Nilimwambia Mdledle kwamba pale amelala mtoto. Alivua kofia. Akaniuliza aliumwa nini. Nikamwambia kifua. Akasema pole, dada. Akavaa kofia, akaenda zake.

Kigingi hakukitoa.

Jumanne, 7 Agosti

Upepo. Nimefua. Kigingi kimekaa uani kama mgeni asiyeambiwa karibu. Nimetundika blanketi la MaMpinga juu yake likauke, halafu nikaliondoa. Sitaki kitufae kitu.

Jumamosi, 11 Agosti

Leo rangi! Vijana wa ofisini wamepita nyumba kwa nyumba na kopo la rangi nyekundu, wanaandika namba kwenye kuta. Namba ya nyumba ya kubomolewa. Sisi ni 41. Wameiandika kubwa, kando ya mlango, rangi ikachuruzika hadi chini.

Nilikaa nikaitazama. Halafu nilichukua ndoo nikateremka mtoni kuchimba udongo mweupe. Nilichanganya na samadi, nikaanza kusiriba. Huu si wakati wa kusiriba, nyumba husiribwa karibu na Krismasi, kila mtu anajua. MaMpinga alitoka, akanitazama mikono imejaa tope. Nikadhani nitasemwa. Akaniambia tu nisiribe ukuta mzima, kiraka kitaonekana ni kiraka. Akaniletea maji.

Kufika jioni, mgongo wote wa mlima wanawake walikuwa wanasiriba. Hakuna aliyeitwa. Xoqwa imependeza kama ina harusi.

Jumatano, 15 Agosti

Wameandika tena. Tumesiriba tena. MaGatyeni anasema serikali ikiendelea hivi kuta zitanenepa tushindwe kuingia ndani.

Ijumaa, 17 Agosti

Mikono ina malengelenge. Kwa jembe.

Asubuhi MaMpinga alitoka na jembe begani akasimama njia panda. Mchana kweupe, jua limetoka. Hakupiga kelele wala kengele. Wanawake wakamwona, wakatoka na majembe yao. Tukajipanga safu kama siku ya palizi, kuanzia juu kwenye mwamba, tukateremka pamoja. Tukifika kwenye kigingi, anayekikuta anakipiga chini ya shina, kinang'oka, kinatupwa nyuma. Tuliimba nyimbo za palizi, zile zile za kuwateta wanaume wavivu. Kigingi cha uani kwetu alikikuta MaGatyeni. Kile cha penye mishubiri wote waliniachia. Walisimama wakangoja. Nilikitoa kwa mikono.

Mdledle alikuja mbio na farasi wake. Akauliza tunafanya nini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua jibu na asingependa kulisikia.

"Tunapalilia, mwanangu," MaMpinga alimwambia. "Magugu ya mwaka huu hayana mizizi."

Mdledle alisema watatufunga. Alisema si yeye, ni wao, na kwamba anatuomba. MaMpinga akamwambia asogeze farasi, anakanyaga kaburi la Ntshuntshe.

Vigingi tumevifanya kuni, tukapikia mahindi na maharage. Chakula kimenuka lami kidogo. Tumekula.

Jumatano, 22 Agosti

Wamekuja. Magari mawili ya polisi, na jumbe amekaa mbele kwenye la kwanza.

Tulikusanywa penye shule. Jumbe aliulizwa viongozi ni akina nani. Akaonyesha kwa fimbo. MaMpinga kwanza – mke wa kaka yake! – kisha MaGatyeni, kisha wengine. Kila aliyeonyeshwa aliinuka akaenda garini mwenyewe, akikunja nguo asichafuke. Mimi nikasimama, nikasema nilikuwepo, kigingi cha nyuma ya nyumba nilikitoa mimi.

MaMpinga aligeuka akamwambia askari kwamba huyu ni mkaza mwana tu, hufanya anayotumwa, hata uji wake una madonge. Watu wakacheka, hata askari akacheka, akanisukuma nyuma nirudi kukaa.

Nimekasirika mpaka sasa. Uji wangu hauna madonge. Najua kwa nini amesema. Nimekasirika tu.

Nyumba imenyamaza. Kuku wanamtafuta.

Jumatatu, 27 Agosti

Nimekwenda mjini mahakamani kwa miguu na wengine, tumeondoka nyota zingalipo.

Hakimu alimuuliza MaMpinga anaishi wapi. Akaeleza: ukiuacha mto Sidwana pale unapojipinda, ukapanda na mkono wa kulia, ukapita mawe ya zizi la babu wa mume wangu, hapo ndipo. Karani akamkatiza, anatakiwa kutaja namba ya nyumba. Akajibu kwamba kwake hakuna namba, kuna ukuta mweupe. Hakimu akatazama saa ukutani. Haikuchukua muda.

Miezi miwili na kazi ngumu kwa MaMpinga. Mwezi mmoja kwa MaGatyeni na wenzake. Wakati anatolewa alipita karibu nami akaniambia mbegu za maboga zipo kwenye kibuyu kilichopasuka, si kile kizima, panya wanakijua kile kizima.

Hilo ndilo alilosema. Nilitaka jingine, sijui lipi.

Jumapili, 9 Septemba

Fezile, mume wangu, amerudi.

Mkataba wa mgodini ulikuwa uishe Krismasi. Amerudi kabla, na sanduku lake na blanketi jipya na kikohozi. Jumbe alimpelekea habari kwamba mama yake amefungwa na mke wake anaropoka mbele ya askari. Nilimwona anavuka mto. Nikawasha moto, nikatafuta maziwa ya mgando. Moto ukawaka ukazima. Alikwenda kwanza kwa baba yake mdogo, jumbe. Akaja kwangu jua linazama.

Alikula. Amekonda shingoni. Kisha akaniambia wamezungumza. Tutapewa kiwanja upande wa juu wa Uwanda, pakavu, karibu na barabara. Amekubali.

Alisema hivyo, kama mtu anayesema amenunua chumvi.

Jumatatu, 10 Septemba

Tumegombana. Si kwa kelele, Fezile hana kelele. Tulikuwa tunakata kuni juu kwenye mwamba.

Anasema MaNgwanya – yeye huniita kwa jina la ukoo wa kwetu – MaNgwanya, mnapigania nini? Akanionyesha chini ya mwamba ile picha ya zamani, mbawala wekundu waliochorwa na Abathwa, wawindaji wa kale. Akasema hao ndio walikuwa na mahali hapa. Xoqwa ni neno lao, hata maana yake hatuijui, tunalitamka tu. Babu wa baba yake alikuja kutoka ng'ambo ya milima akikimbia vita, ana mke mmoja na ng'ombe mwekundu, akapewa mgongo huu na chifu. Abathwa waliokuwepo wakaondoka. Waliondokaje? Hakuna anayesimulia. Kwa hiyo, anasema, kila mtu amehamishwa na mtu. Sasa ni zamu yetu, nasi tutakaa chini miaka michache, watoto watasema Uwanda ni kwao.

Niliendelea kufunga kuni. Na ni kweli, picha ipo, nimeiona mwenyewe mara nyingi na sikuwahi kuuliza wachoraji walikwenda wapi.

Halafu akaongeza. "Safu si kitu. Mgodini nimelala kwenye safu miaka yote hii, na namba mkononi. Mtu hafi kwa safu."

Nikamwambia, "Ulilala kwenye safu ili sisi tusilale kwenye safu. Nilidhani ndiyo mapatano."

Alikohoa. Alikohoa muda mrefu, ameshika mwamba. Tuliteremka. Alinitua mzigo wa kuni kichwani tulipofika, jambo ambalo wanaume wa hapa hawafanyi.

Jumanne, 11 Septemba

Nimelifikiria la Abathwa. Kama walionewa, walionewa. Haliwi halali kwa sababu limerudiwa.

Ningemwambia hivi jana. Maneno yangu huja kesho yake.

Alhamisi, 20 Septemba

Gerezani. Fezile na mimi. Ameazima koti la mwalimu.

MaMpinga analetwa kwenye waya wa kuongelea, amepungua, mikono imepasuka kwa sabuni, wanafua mablanketi ya askari. Gauni la gereza lina namba kifuani. Amelivaa ndani nje. Anasema kila asubuhi wanamwambia aligeuze, naye anasema macho yake ni mabovu, haoni upande.

Kwa mwanawe aliuliza kwanza kama amekula. Kisha kikohozi kimeanza lini. Fezile akaeleza habari za kiwanja, pakavu, karibu na barabara, basi litakuwa linapita mlangoni. Alieleza vizuri, hata mimi niliona basi. MaMpinga alisikiliza mpaka mwisho.

"Jenga, mwanangu," alisema. "Mtu mzima hujenga anapotaka. Mimi sijamwomba mtu anijengee."

Basi. Akanigeukia mimi tukazungumza kuku.

Kurudi, Fezile alinunua mkate tukala njiani. Akasema mama yake amezeeka. Nikasema ndiyo. Akasema anaonekana ana furaha, na ndilo linalomuudhi.

Jumanne, 2 Oktoba

Lori la kwanza limepanda mlimani leo. Nilidhani ni la watu wa jumbe, maana wao ndio walioapa kutangulia.

Ni MaGatyeni.

Ametoka gerezani juzi. Hakuja kunisalimu, nikadhani amechoka. Leo nimemkuta anatoa vyungu. Jumbe alimwambia kwamba mjane hana haki ya shamba, asipoteremka sasa atapewa bustani tu, na wanawe watatu watakula nini. Nikamsaidia kubeba jiwe la kusagia. Zito, tulilishika wawili, tukatembea kwa hatua ndogo ndogo hadi lorini, hakuna anayemtazama mwenzake.

Nilipolitua akasema, "Usinitazame hivyo. Nina watoto. Wewe huna."

Ni kweli. Ninaye mmoja, na hahamishiki.

Sikumwambia. Nilimfunga kamba za godoro. Lori lilipoondoka, vijana wa ofisi walisukuma kuta zake kwa gogo. Kuta zilikuwa nene kwa kusiribwa, ziliwasumbua. Paa lilianguka kwanza.

Ijumaa, 5 Oktoba

Sasa ni wengi wanaoteremka. Kila siku lori. Usiku ukitazama chini unaona mioto kwenye Uwanda imepangwa mstari mmoja. Huku juu tumebaki tulivyokuwa tumekaa, kila moto mahali pake.

Fezile amekwenda kusafisha kiwanja. Simzuii. Nampikia, nampa chakula cha kubeba. Watu wananiuliza mmekubali? Nasema mwanamume wangu anasafisha kiwanja. Wewe je? Nasema mimi nasafisha ghala.

Jumanne, 9 Oktoba

Joto, mawingu ya bure. Makaburi ya njiani nimeyapalilia – Ntshuntshe na wengine – palizi ya kweli safari hii. Mdledle alipita akanikuta. Amelegea uso, anasema wakubwa wake wanamlaumu yeye kwa vigingi. Alikaa juu ya jiwe akaniambia kwao pia, ng'ambo ya mto mkubwa, walipangwa upya mwaka jana. Yeye ndiye aliyepima. Mama yake hajasema naye tangu siku hiyo, humwekea chakula akaondoka.

Nikamuuliza makorongo ya huko kwao yamepona?

Akasema bado ni mapema kujua. Akapanda farasi.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mvua!

Imeanza alfajiri na imenyesha kutwa, ile ya taratibu, inayoingia ardhini. Harufu yake imenitoa kitandani. Nimesimama mlangoni nimelowa kama mtoto. Shamba letu la Esidakeni, kule ng'ambo ya mto, udongo mweusi, litakuwa tayari kesho. Halisubiri. Ukikosa siku zake za mwanzo udongo ule hukaza kama tofali.

Fezile alikuwa macho. Nikamwambia kesho tufunge maksai. Akasema hatulimi. Shamba jipya halijakatwa, na la zamani limekatazwa, jumbe ametangaza tena kanisani. Mwaka huu tutanunua unga. Ana akiba yake ya mgodini, ndiyo kazi yake.

Nikamuuliza na mwaka ujao?

Akajifunika blanketi. Mchana, mvua ilipopungua, aliteremka Uwandani kuchimba mtaro. Kiwanja chake kikavu kina maji hadi vifundoni, nimesikia kwa wapita njia. Hajarudi kulala. Bila shaka yuko kwa jumbe.

Jumamosi, 13 Oktoba

Naandikia shambani. Nimekuja na daftari kwa sababu sijui kama leo nitarudi nyumbani.

Asubuhi niliingia zizini.

Naandika hivyo kama jambo dogo. Mwanamke aliyeolewa haingii zizi la wakwe zake. Toka niolewe nimelizunguka, hata kuku akiingia humo humsubiri atoke mwenyewe. Baba mkwe amezikwa pale langoni. Nilivua viatu. Nikamwamkia, nikamwambia baba, mkeo yuko gerezani, mwanao yuko Uwandani, mvua imenyesha. Sina wa kumtuma. Nisamehe, na usiponisamehe, basi nitalima hivyo hivyo.

Nikafungua.

Maksai walinishangaa. Folomani, yule mkubwa mweusi, alininusa mikono, akaleta kichwa chini ya nira mwenyewe. Kufunga nira najua. Kwetu baba hakuwa na wana wa kiume, nilifunga nira tangu utoto mpaka siku ya kuja huku, ambapo niliambiwa nisahau. Sikusahau.

Nimewapitisha katikati ya njia, si vichochoroni. Wanawake waliobaki mlimani walitoka wakanitazama. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mmoja alifunika mdomo. Yule mke wa mwalimu alisema kwa sauti ya chini kwamba nitaleta ugonjwa kwenye mifugo. Nikapita.

Kulima peke yako ni taabu. Unashika plau, unapiga mjeledi, na mbele hakuna wa kuwaongoza. Wanakwenda wapendako. Mistari yangu ni aibu, kama nyoka aliyelewa. Lakini udongo unageuka! Mweusi, unang'aa, na nyangenyange, wale ndege weupe, wanatembea nyuma yangu wanaokota wadudu kama mashemasi. Nilikuwa nimeshafika kwenye ule mti wa miiba wa katikati niliposikia mtu anafokea ng'ombe upande wa juu. Mke wa mwalimu! Amefunga maksai na punda pamoja, nira imekaa upande. Na nyuma yake wengine wanateremka.

MaGatyeni amesimama kwenye mlango wake mpya kule Uwandani, mkono juu ya macho. Amesimama muda mrefu. Hajapunga mkono, wala hajaingia ndani.

Sasa maksai wanapumua. Gari la polisi limetokea juu ya mlima, pale shuleni, linateremka polepole kwa sababu ya utelezi. Jumbe yuko mbele yake na farasi.

Na Fezile anakuja. Anatokea upande wa Uwanda, anakatisha mashamba, hana koti, miguu yote tope. Anatembea haraka, anasimama kukohoa, anatembea tena. Nimemwona tangu yuko mbali. Sijakimbia. Nimeweka mjeledi chini ili asiseme nilikuwa nimeuinua.

Baadaye kidogo

Amefika. Hakusalimu. Alitazama Folomani, akatazama nira, nilivyoifunga. Akajua nimeingia zizini. Nilimwona akijua. Alitazama mistari yangu tangu mwanzo hadi hapa.

"Imepinda," alisema.

Nikamwambia sina wa mbele.

Gari lilikuwa limefika kivukoni, tulisikia injini inaunguruma, magurudumu yanateleza kwenye mawe. Jumbe alikuwa ameshavuka, anaita. Alimwita Fezile kwa jina lake, akamwita kwa jina la baba yake, akamwambia amtoe mke wake shambani kabla askari hawajafika, bado kuna nafasi, wataliita kosa la mwanamke.

Fezile hakugeuka. Alikwenda mbele ya maksai. Akaokota kamba ya kuongozea, ile wanayoshika watoto, mwanamume mzima na mikono yake ya mgodi, akaizungusha kwenye kiganja.

Askari wameshuka garini, wanavua viatu wavuke. Nimefungua daftari niandike hili, halafu nilifiche chini ya mfuko wa mbegu. Fezile ananipa mgongo. Anatazama mbele, kule mstari unakokwenda, anakohoa, anangoja nishike plau.